Alama Kumi na Mbili za Basketi

Nyinyi mliobaki nyuma ya dirisha namba mbili mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani mliniomba kwa adabu tu, mkitegemea nitasahau. Sikusahau. Vyeo na mishahara naviacha, kwa sababu vyeo vilikuwa viwili tu na mshahara mnaujua, ndio huohuo mnaoulalamikia. Nitawaambia habari za karatasi, za mihuri, na za msichana mmoja aliyefaulu basketi bila kugusa mpira.

Kwanza mjue kwamba mi nilikuja hapa kwa mwaka mmoja. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nataka sheria, kamati ya chuo kikuu ikanipangia jiografia. Nikasema sawa, nitaruka mwaka, nifanye kazi kidogo kwenye ofisi ya uandikishaji, halafu niombe upya. Mwaka ule fomu za kuomba upya zilipotoka, nilikuwa na kazi nyingi ya kuwagawia wengine, nikasahau kujaza yangu. Mwaka wa pili nilioa. Wa tatu sikumbuki kisingizio. Nimestaafu juzi, na watu wa jiografia nadhani bado wananisubiri.

Siku ya kwanza nilivaa tai. Mkuu wa dirisha alikuwa Mama Béatrice, mwanamke mfupi wa mtaa wa Gihosha, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi wa kufungia mafaili. Aliiangalia tai yangu kuanzia juu mpaka chini, akanipa kitambaa. "Anza na rafu ya juu," akasema. "We murefu." Siku tatu nzima nilipangusa vumbi, na tai niliitumia pia, kwenye pembe ambazo kitambaa hakikufika.

Siku ya nne alinifundisha kona. "Dosye mutu hasomi," aliniambia, maana yake faili la mwanafunzi. "Mutu anasoma kona." Kila karatasi inayopita dirishani, kona ya juu kulia unaandika jina la ukoo kwa herufi kubwa, chini yake namba, kisha muhuri wa kupokea, usiguse herufi. Nilifanya mazoezi mpaka vidole vikawa vya bluu. Baada ya miezi michache niliweza kuandika kona huku naongea na mtu, huku nakunywa chai, na huku nafikiria mambo ya nyumbani. Nilijivunia sana jambo hilo. Mtaona.

Alikuwa na sheria nyingine, ya kalamu. Mwanafunzi anayekuja kujiandikisha alipewa kalamu ya ofisi, ile iliyofungwa kwa kamba. Lakini anayetaka kujiondoa, aliyepangiwa kitivo asichokitaka akaamua kupoteza mwaka na kuomba upya, huyo hakupewa chochote. "Kuingia, tunakupa kalamu," alikuwa akiwaambia. "Kutoka, leta yako. Na urudi kesho." Wengi hawakurudi. Wengine walirudi na kalamu, lakini usiku wamelala vizuri, wakaomba wabaki palepale. Mkaguzi mmoja aliwahi kuuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Mama Béatrice akagonga kichwa chake kwa kidole, mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari, akaenda zake.

Kisha vita vikaja, na vikakaa. Siwezi kuwaambia vita vyote, kila mtu ana vyake. Pale dirishani maana yake ilikuwa kwamba saa ya kufungua ilitegemea kama teksi zimeteremka mjini, na saa ya kufunga ilitegemea nani amesikia nini njiani. Nilikuwa natoka Mutanga Nord kwa mguu, na kila asubuhi nilihesabu wenzangu wakiingia, mmoja mmoja, mpaka hesabu itimie. Siku isipotimia hatukuwa tunaongea sana.

Nchi jirani zilipotufungia mipaka, karatasi ziliisha. Hapo ndipo Mama Béatrice aling'aa. Stoo kulikuwa na marundo ya fomu za kujiandikisha zilizochapishwa kwa mwaka ambao chuo hakikufunguliwa. Zilikuwa na uso mmoja tu, mgongo mweupe. Basi tukazigeuza. Kila kitu tulikichapa mgongoni kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono: ratiba, matangazo, fomu za kujiondoa. Mhasibu wetu hata kadi za harusi yake alizichapa hapo. Ukisoma saa ya misa upande mmoja, ukigeuza unaulizwa jina la mama yako na sekondari uliyomaliza. Baadhi ya wageni walijaza.

Ndiyo miezi hiyo alipofika Consolate.

Alikuwa msichana mdogo wa mwili, miwani minene, anaishi kwa shangazi yake Gihosha kwa sababu kwao Buterere watu walikuwa wanahama kila mara. Alisimama mbele ya dirisha akasoma kibao chetu kwa shida, ingawa kilikuwa karibu na pua yake.

"Papa," akasema, "mi nimepangiwa michezo."

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, lakini nyuma ya dirisha kila mwanaume ni Papa.

"Michezo gani?"

"Yote. Chuo cha michezo. Miaka mine."

Niliangalia miwani, nikaangalia chini haraka nisicheke. "Uliomba nini?"

"Ya kwanza udaktari. Ya pili udaktari tena, wakaikata. Ya tatu mwalimu alisema tujaze kitu chochote, juu fomu haitaki mustari mutupu. Nikajaza michezo."

Kumbe kamati iliusoma mstari wa tatu tu. Nikamweleza hali ilivyo. Anaweza kuingia michezo, apate kitanda cha chuo na chakula, na hatabadilishiwa kamwe. Au anaweza kujiondoa, akae nyumbani mwaka mzima, kisha aombe upya. Lakini aliyeandikishwa na kushindwa mwaka wa kwanza haombi tena kitivo kingine. Basi asicheze na jambo hili, aamue moja.

"Na kama mwaka kesho chuo kikifunga?"

"Ikifunga, imefunga."

Kisha akauliza lile swali ambalo niliogopa miaka yote pale dirishani. "We Papa ungefanya nini?"

Nikakohoa. Anamuuliza mtu ambaye mwaka wake mmoja ulikuwa umeshapita wa kumi. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi pia niliruka mwaka niombe sheria, na kwamba ndiyo hii sheria anayoniona nayo, muhuri na kidau cha wino.

"Unajuta?"

"Siku ya Jumatatu tu."

Alicheka, na mi nikapata ujasiri. "Sikiliza, mutoto. Ukitoka, usitafute kazi ya ofisi. Ofisi inabembeleza. Soma vitabu vyako kila siku hata ukurasa mmoja, na siku fomu zikitoka, nataka nikuone wa kwanza kwenye mustari." Halafu nikamwambia habari ya kalamu, na arudi kesho.

Kesho yake hakuja yeye, alikuja baba yake, Mzee Simeoni, mkulima wa mpunga, buti za mpira zimejaa tope la Buterere. Hakupanga foleni. "We bwana wa dirisha," akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "mutoto yangu usimupe hiyo fomu!"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Usimupe! Kule iko kitanda, iko maharage. Kwangu kila wiki tunakimbia na magodoro kichwani. Eti anangoja mwaka kesho. Mwaka kesho nani ameuona?"

Mnajua foleni yetu, haijawahi kukosa maoni. Mama mmoja akasema mzee ana haki, kitanda ni kitanda. Kijana wa nyuma akasema udaktari ni udaktari. Askari wa mlangoni, ambaye hakuulizwa, alisema michezo inajenga mwili. Wakabishana mpaka Mama Béatrice akatoka, miwani inaning'inia.

"Mzee," akasema, "leo hakuna mutu anapewa fomu. Rudini kesho, nyote wawili. Na kalamu."

Wakarudi. Laiti mngewaona, baba mbele na binti nyuma, hawasemeshani. Fomu ikawekwa katikati. Mzee Simeoni akaweka kiganja chake juu yake, kikaifunika yote.

"Papa," Consolate akamwambia baba yake polepole, "siku ile Mama alikuwa na homa, ulinituma nikimbie nimulete daktari. Nilikimbia. Nilifika kituo cha afya hata jua halijasogea. Hakukuwa na mutu. Unakumbuka?"

Mzee aliitikia kwa kichwa, kiganja bado juu ya fomu.

"Mbio sikukosa, Papa. Nilikosa daktari."

Mzee Simeoni alitoa kiganja juu ya fomu. Akapapasa mfuko wa shati, akatoa kalamu ya kijani, ile aliyokuwa akiandikia alama kwenye magunia ya mbegu. "Basi," akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya ng'ombe. "Kama unakataa kitanda, ukatae na kalamu ya baba yako."

Alisaini kwa wino wa kijani. Na mi, machozi yananichezea machoni, nikaichukua ile karatasi. Niliona aibu kulia mbele ya askari, kwa hiyo nikainama haraka, mikono ikafanya kazi yake yenyewe: jina la ukoo kwa herufi kubwa, namba, muhuri. Kona safi kabisa. Nikaitupa sandukuni.

Kona ile nilikuwa nimeiandika upande usio wake. Yaani kwenye uso wa zamani, ule wa fomu ya kujiandikisha, mtupu tangu juu mpaka chini. Na sanduku lilikuwa la walioandikishwa. Sikujua. Nilikwenda nyumbani siku ile nikiona nimefanya jambo jema.

Mwaka ukapita vile miaka ile ilivyokuwa ikipita. Siku fomu za maombi zilipotoka nilifika mapema, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa Consolate. Nilifurahi kama aliyemwona ndugu.

"Mzee hajambo? Leo hajaja kutupigia kelele?"

"Alikufa, Papa. Mwezi wa tatu. Alienda kuangalia mupunga, hakurudi." Alisema hivyo akiangalia kalamu mkononi, ile ya kijani. "Nilisoma, lakini. Kila siku. Hata siku zile."

Nikamwambia pole, nikafungua daftari kubwa kutafuta namba yake, ili walau mikono iwe na kazi. Nikaliona jina lake. Michezo, mwaka wa kwanza. Ameandikishwa. Ameshindwa.

Nilimwambia aketi kwenye benchi, kuna muhuri umepotea. Nikaingia ndani nikatafuta orodha za alama. Anatomia, sifuri. Saikolojia, sifuri. Riadha, sifuri. Kuogelea, sifuri. Basketi, kumi na mbili juu ya ishirini. Nilirudia kusoma mara tatu. Kwa sheria ile niliyomweleza kwa mdomo wangu mwenyewe, Consolate hakuwa na haki ya kuomba kitu tena. Mwaka alioutoa, na baba yake akaukubali kwa uchungu, ulikuwa umepotea bure, na mimi ndiye niliyeupoteza.

Karatasi yenyewe niliipata stoo. Nitawaambia ukweli, kwa sababu mnanijua: nilisimama nayo pale na nikafikiria kuirudisha chini ya rundo. Watoto wangu walikuwa watatu, na wakati ule mtu akitoka kazini hakuna pengine pa kwenda. Niliogopa. Mwishowe nikampelekea Mama Béatrice, nikamweleza yote. Alivaa miwani. Akaangalia upande mmoja, akageuza, akageuza tena.

"Kona nzuri," akasema. "Nzuri sana. Sasa ibebe mwenyewe, upeleke kwa kamati."

Kamati ilikuwa na watu watano na sahani moja ya karanga. Mwenyekiti, profesa mwenye suti ya kijivu, alisikiliza nusu, akaona ile kumi na mbili, akanyoosha mkono kunizuia. Mutu hawezi kupata kumi na mbili ya basketi bila kurusha mpira, akasema. Akaitwa mwalimu wa basketi. Akaja na filimbi shingoni.

"Mi sitoi alama kwa mutu sijamuona," akasema mwalimu.

"Anafananaje?" akauliza mwenyekiti.

"Murefu. Ana mbio."

Consolate akaingizwa. Akasalimia kwa heshima zote, akampa mkono katibu kwanza, akidhani ndiye mwenyekiti. Alifika begani kwa mwalimu.

"Alikuwa anacheza nyuma," mwalimu akasema.

Hapo mwenyekiti akaacha karanga. Akamuuliza mwalimu, mwaka ule walicheza na mipira mingapi. Mwalimu akaangalia viatu vyake. Mipira ilikuwa imeagizwa, ikakwama nje na mipaka ikafungwa, basi walifundishwa sheria za mchezo ubaoni, na mwisho wa mwaka akampa kila jina kwenye orodha kumi na mbili. "Kumi na mbili ni alama ya heshima," akajitetea. "Haimuumizi mutu."

"Mimi ndiye niliyekosea," nikasema. Nikaweka karatasi mezani, nikaigeuza wauone wino wa kijani, tarehe, na saini yake. Kisha nikaigeuza tena wauone uso mtupu na kona yangu. Mwenyekiti akapandwa na hasira. Alitaka kujua ni mjinga gani anapitisha fomu isiyo na neno hata moja. Kidole chake kikashuka kwenye ukurasa mtupu, kikashuka, kikafika chini kabisa, kikasimama.

Pale chini, mahali pa kamati kuthibitisha, kulikuwa na saini tano. Ya kwanza ilikuwa yake.

"Karatasi hii ni tupu," akasema.

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na mi nimesaini."

"Tena vizuri, Mwenyekiti."

Hakuna aliyefukuzwa. Katika dakika chache sifuri zote zilifutwa na ombi lake likapokelewa kama la mtu asiyewahi kuandikishwa. Yule mwalimu wa basketi peke yake aligoma. Alama akishatoa harudishi, akasema, kwani leo akimnyang'anya mmoja, kesho itabidi awanyang'anye wote. Walichoka kubishana naye, ile kumi na mbili wakaiacha kwenye dosye. Wiki chache baadaye orodha ikatoka, na Consolate akapangiwa udaktari. Alilia pale dirishani, na safari hii nililia naye, askari aone anavyotaka.

Tangu siku hiyo mi nageuza kila karatasi. Ndiyo maana mlikuwa mnanicheka kwamba hata risiti ya chai naigeuza.

Alirudi dirishani vita vikiwa vinaelekea kuisha, daktari kamili, miwani minene zaidi. Alihitaji nakala ya alama zake zote, iliyothibitishwa, kwa ajili ya kwenda kusomea magonjwa ya watoto nje. Nilimpigia chapa mwenyewe. Miaka yote ya udaktari, alama nzuri mpaka raha. Na juu kabisa, mstari wa kwanza, kwa sababu mashine inafuata dosye: Basketi, kumi na mbili.

Nikaona haya. "Dokta," nikamwambia kwa sauti ya chini, "hii naweza kuipiga upya bila huu mustari. Hakuna atakayejua. Huko nje watakucheka."

Akachukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akasoma ule mstari. Alicheka kidogo, halafu hakucheka.

"Apana, Papa. Iache." Akaiweka mezani. "Mwaka ule tulinyang'anywa kila kitu. Nyumba, mupunga, na muzee wangu. Hii kumi na mbili ndiyo kitu moja tu mutu alinipa."

Niligeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe. Nikaandika jina lake kwenye kona, nikagonga muhuri, nikamsogezea daftari la kupokelea pamoja na kalamu ya ofisi. Hakuichukua. Alikuwa ameshatoa ile ya kijani ya baba yake, akasaini.